Mkono Ulioshona Koti

Mliosoma toleo lililopita mliniacha nimejifungia chumbani, koti la mtihani la binti yangu mapajani. Kwa aliyelikosa, habari yenyewe ni fupi. Mimi ni mwalimu wa ushonaji katika chuo cha ufundi, huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa. Binti yangu alikuwa mwanafunzi wangu, mwaka wa mwisho. Kila mwanafunzi alitakiwa kushona koti la suti kwa mikono yake mwenyewe na kulileta mbele ya mtahini kutoka nje.

La binti yangu nililishona mimi. Alasiri tatu, mlango umefungwa kwa komeo, yeye ameketi kitandani anapaka rangi kucha za miguu.

Likapata alama ya juu kuliko makoti yote chuoni.

Wengine mmemwandikia mhariri mkiuliza mimi ni mzazi wa namna gani. Nitawajibu leo, na jibu halitawapendeza.

Wanafunzi waliniita Fumua. Hawakuniita hivyo kwa mapenzi. Ndilo neno lililotoka kinywani mwangu kuliko salamu. Mshono ukipinda kwa upana wa uzi mmoja, fumua. Kola ikikaa vibaya, fumua. Wapo waliolia, wapo walioacha chuo, na wote hao niliwahesabu kuwa sifa yangu.

Binti yangu nilimlea hivyohivyo. Alipokuwa na miaka minane alishona gauni la mwanasesere wake, nikamfumulisha mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili kitambaa kikachanika. Nikamwambia mtoto asiyetoka jasho hana sahani katika nyumba yangu, akalala njaa. Nilijiona mzazi hodari. Nilidhani namtia thamani ya kazi kichwani.

Kumbe alichojifunza ni kusubiri mpaka nichoke, nifanye mwenyewe.

Na mkono wa kazi hakuwa nao. Nililijua hilo tangu mwaka wake wa kwanza, lakini kila nikifikiria walimu wenzangu watakavyosemezana kwa macho siku mtoto wa Fumua atakapofeli ushonaji, mwili ulinisisimka. Sikulishona koti lile kwa kumhurumia. Nililishona kwa kuogopa kuchekwa.

Sasa twende Jumatatu.

Mkuu wa chuo alinitumia mtu nikiwa darasani, niende ofisini na binti yangu. Tukamkuta yule mtahini, mzee mkavu aliyekata suti za wakubwa kwa miaka arobaini, koti limelazwa mezani mbele yake. Kulikuwa na soda nne zimefunguliwa tayari. Mkuu alikuwa anatabasamu mpaka masikio.

Mtahini alitaka kumchukua binti yangu katika karakana yake. Alisema hajaona kola iliyotulia namna ile kutoka kwa mwanafunzi tangu aanze kazi ya kutahini. 

Kisha akaomba kitu kidogo tu, kama mtu anayeomba chumvi. Wakati tunakunywa soda, binti ashone tundu moja la kifungo kwa mkono, amtazame anavyoshika sindano.

Binti yangu akanitazama. Mimi nikatazama soda.

Alichukua muda mrefu kuliko mazungumzo. Uzi ulifungamana mara mbili, akaukata kwa meno. Alipomaliza, tundu lilikuwa kama kidonda kilichoshonwa na mlevi. Mtahini akalipokea, akavaa miwani, akaliweka kando ya koti.  Akageuza koti ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye pindo la bitana, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Binti huyu anatumia mkono wa kulia," akasema. "Koti hili limeshonwa na mtu wa mkono wa kushoto. Tazameni mishono ilivyolala."

Mkuu wa chuo hakuhitaji kuuliza darasani kwangu nani anatumia mkono wa kushoto. Alikuwa mmoja tu, na ndilo jina aliloitwa. Kushoto.

Kushoto alikuwa mtoto wa kike wa mwanamke anayefagia chuo chetu. Miaka kumi na saba. Alikuja na mama yake alfajiri, mama akianza kufagia, yeye anakaa dirishani kungoja mwanga umtoshe kutunga uzi. Alikuwa mwanafunzi bora niliyepata kumfundisha, na sikuwahi kumwambia. Mama yake, kila mtu alimjua kwa ukali wake. Alikwisha kumwapia mtoto wake mbele yetu, siku moja katika ukumbi, kwamba akimkamata na kitu asichokitolea jasho atamshughulikia yeye mwenyewe kabla ya watu kumshughulikia.

Hapa lazima niseme jambo ambalo ofisini sikulisema.

Mimi pia natumia mkono wa kushoto. Baba yangu aliufunga mkono ule kiunoni mwangu kwa ukanda wa kitambaa, miezi kwa miezi, mpaka nikajua kula na kuandika kwa huu mwingine. Darasani nimeshika chaki, mkasi na sindano kwa mkono wa kulia miaka yote. Ila kitu ninachotaka kitoke kizuri, nafunga mlango, narudi kwenye mkono wangu.

Watu wawili tu walijua. Mmoja ni binti yangu.

Wa pili ni Kushoto. Mwaka wake wa kwanza alitaka kuacha chuo, kwa sababu kila nilichoonyesha ubaoni kwake kilikuwa kinyume. Siku moja nikambakiza darasani, nikafunga madirisha, nikashika sindano kwa mkono wa kushoto na kumwonyesha tundu la kifungo mpaka akalipata. Nikamwambia asimwambie mtu. Kwa hiyo mshono wake ulikuwa mtoto wa mshono wangu. Hata mtahini mwenye macho yale asingeweza kuitenganisha.

Akaitwa. Alikuja na kastabini bado iko kidoleni. Akaonyeshwa koti, akainama juu ya pindo, akatazama kwa muda.

Kisha akainua macho, akanitazama mimi. Alikwisha kujua.

Alisema ile si kazi yake. Mkuu akamuuliza ni ya nani basi. Akanyamaza. Mkuu akamtisha, akambembeleza, akamtisha tena. Yeye ananitazama tu, bila hasira, jinsi wanafunzi wanavyonitazama nikikatisha sentensi katikati ili nifute ubao.

Mkuu akanigeukia. "Mwalimu, kazi zao unazijua wewe. Huu ni mkono wa Kushoto?"

"Unafanana," nikasema.

Kamati ya nidhamu ilipangwa kukaa saa nane mchana huohuo. Mkuu alinivuta kando na kunieleza kama rafiki. Binti yangu akikiri na kumtaja aliyemshonea, atarudia mwaka, basi. Aliyeshona ndiye atakayefukuzwa moja kwa moja, maana kanuni ya chuo inasema hivyo. Kanuni hiyo niliiandika mimi, miaka minne nyuma, nikapigiwa makofi.

Nikampeleka binti yangu stoo ya vitambaa. Nikamwambia aseme ni Kushoto. Nakiri kwenu kwamba nilitamani akatae. Nilitaka alie, anitukane, aniambie Mama hili hapana. Ningemchukia hapo hapo na kumheshimu mpaka kufa kwangu.

Hakulia. Aliuliza swali moja tu.

"Nilimpa nini?"

Nikamwambia sijui.

"Basi niachie mimi," akasema, akajipangusa vumbi la vitambaa begani.

Saa nane tukakaa, walimu watano, mimi mmoja wao, na Kushoto ameketi mkabala nasi. Binti yangu alisimama katikati ya chumba na kuzungumza kwa sauti ya chini ambayo ilimlazimu kila mtu ainame kumsikiliza. Alieleza alivyoniogopa tangu utotoni. Alieleza gauni la mwanasesere, mara zote kumi na moja. Mwalimu wa hesabu akatoa leso. Kisha akasema alimfuata Kushoto kule nyuma ya vyoo, akamwomba amsaidie, Kushoto akakubali kwa sharti moja, apewe viatu vyake vyeusi.

"Ndivyo alivyovaa," akamalizia.

Walimu watano tukatazama chini ya meza.

Viatu vilikuwa vya binti yangu kweli. Kila mtu alikumbuka kumwona navyo mwaka jana. Mimi ndiye niliyempa Kushoto viatu vile, mwanzoni mwa mwaka, vyake vilipoanza kucheka mbele mpaka vidole vikaonekana. Nilimpa kwenye mfuko wa karatasi, koridoni, hapakuwa na mtu.

Nimekagua kazi za mwanangu tangu ana miaka minane. Uongo ule ndio wa kwanza kutoka mikononi mwake ambao sikuona pa kufumua.

Kushoto hakujitetea. Alivua viatu, akavipanga kando ya mguu wa meza, kisigino kwa kisigino, akatoka peku. Alipita karibu yangu kiasi kwamba gauni lake liligusa kiti changu. Alisimama pale kidogo, kama anayenipa nafasi. Nikawa naandika kitu kwenye daftari. Hata sasa sijui niliandika nini.

Mama yake alikuwa koridoni anadeki. Mkuu akampa habari palepale, ndoo ikiwa miguuni. Mwanamke yule hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza nani kasema.

Mkuu akaninyooshea kidole.

Akaegemeza fagio la maji ukutani, akafuta mikono kwenye aproni yake, akanijia. Walimu walikuwa wamesimama mlangoni nyuma yangu, na binti yangu kati yao. Mama yule aliniamkia kwanza, kama siku zote. Kisha akaniuliza jambo moja, taratibu, akitaka kuwa na hakika.

"Mwanangu aliniambia viatu vile umempa wewe. Ulimpa?"

Kule ofisini nilikuwa nimesema mkono unafanana. Neno lile lilikuwa na mlango wa nyuma, mtu angeweza kutokea. Hili halikuwa nao.

"Sikumpa," nikasema.

Alitikisa kichwa kukubali. Akanishukuru kwa kumwambia ukweli, kwa sababu, alisema, watu wengi wangemficha mtu kama yeye. Akachukua fagio lake, akadeki koridoni mpaka mwisho, akamwaga maji, akasuuza ndoo, akaipindua ikauke. Ndipo akaenda nyumbani.

Jioni ile binti yangu alikula vizuri. Mimi sikula. Akaniambia, huku anakwangua sufuria, kwamba yeye mwaka harudii. Nimtafutie chuo kingine, nizungumze na watu wangu, cheti kitapatikana. Nikaanza kumwambia juu ya kazi na jasho, maneno yangu yaleyale ya siku zote. Akaniacha nifike katikati.

"Mama," akasema, "hayo kawaambie watoto wa watu."

Nikachukua sufuria, nikaiosha. 

Jumanne asubuhi, sijabandika hata chai, nikasikia hodi. Alikuwa mfagizi wa chuo, mlangoni kwangu, amevaa aproni ya kazi. Nilimkaribisha ndani, akakataa kwa sababu miguu yake ina matope. Akanieleza akiwa amesimama kizingitini, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa kwamba darasa limekwisha kufagiwa.

Alifika nyumbani akawasha pasi ya mkaa. Akangoja ishike moto. Akamwita mtoto, akamwambia aweke mkono mezani, ule wa kushoto. Mtoto akauweka.

"Hakuuondoa, Mwalimu," akasema. "Nilidhani atauondoa."

Nikashika mlango.

Alisema alimpeleka hospitali mwenyewe, alfajiri, amemwegemeza begani. Daktari akaita ofisa wa ustawi wa jamii, naye ndiye aliyemtuma kwangu. Yeye mama alikwisha kumweleza kila kitu bila kuficha, kwamba alimfunza mtoto wake kwa sababu amethibitishiwa na Mwalimu kwamba ni tapeli. Ila mtoto hataki kuzungumza na mtu yeyote. Amesema neno moja tu tangu afike pale, kwamba anamtaka Mwalimu wake.

Nilijifunga kitambaa kichwani bila kujua nimekitoa wapi. Binti yangu akatoka chumbani amekwisha kuvaa. Akasema anakuja. Nilimtazama. Nikajiambia, mwanangu ana moyo, ulikuwa umelala tu.

Wodini Kushoto alikuwa kitanda cha pili kutoka mlangoni. Mkono ulikuwa umefungwa bendeji nyeupe mpaka kwenye kiwiko, umeinuliwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine. Uso ulikuwa umemsinyaa usiku mmoja. Ofisa wa ustawi, mwanamke wa makamo mwenye faili magotini, alikaa upande mmoja. Mama mtu akaenda kusimama miguuni mwa kitanda, akashika chuma.

Daktari alikuwa amesema mishipa ya vidole viwili haitarudi. Ofisa alinieleza hivyo kwa kunong'ona, kama kwamba mgonjwa hakuwa amekwisha kuelezwa.

Kushoto alipoona nimefika aliomba nisogee. Nikainama mpaka nikasikia pumzi yake.

"Mwalimu, uliniambia nisimwambie mtu. Sijamwambia," akasema. "Nilikuwa nakusubiri useme mwenyewe."

Ofisa akafungua faili. Hakusikia tulichozungumza. Akanieleza kwamba mama huyu ataondoka na yeye ofisa kwenda kituo cha polisi, hilo halina mjadala. Lakini anahitaji kuandika chanzo. Mama anasema mtoto alithibitika kudanganya katika mtihani. Mtoto hasemi ndiyo wala hapana. Mthibitishaji, kwa maelezo ya mama, ni mimi.

"Ni kweli au si kweli?" akauliza.

Wapenzi wasomaji, naapa nilifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari yapo kooni. Kisha nikamwona mama mtu, anavyonitazama kwa imani ileile ya koridoni, na vidole vyake kwenye chuma cha kitanda. Nikajiambia nikisema kweli sasa hivi mwanamke huyu atajua amemchoma mwanawe bure. Atakufa palepale. Nikajiambia kunyamaza ni kumhurumia. Uongo ukishakuzoea huanza kukujia umevaa nguo za huruma, na unaufungulia mlango mwenyewe.

Kwa hiyo nilisita. Pumzi mbili, labda tatu.

"Ni kweli," ikasema sauti nyuma yangu. "Mimi nilikuwepo."

Binti yangu alisogea mbele, akasimama kando ya kitanda. Akarudia habari yote kwa sauti yake ile ya chini, nyuma ya vyoo, koti, sharti la viatu. Aliongeza kwamba anamsamehe Kushoto, na kwamba anamwombea apone. Ofisa aliandika bila kuinua kichwa, akamwomba arudie sehemu moja, akairudia neno kwa neno.

Kushoto alimsikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine. Hakukanusha. Aligeuza uso kidogo tu, akawa ananitazama mimi.

Nilijua kwa nini binti yangu alikuja hospitali. Alikuja kunilinda nisiseme.

Ofisa alifunga faili na kumwambia mama wajiandae. Mama mtu alivua aproni yake, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye kabati la kitanda. Ofisa akauliza mtoto ana ndugu gani mwingine wa kumtazama akitoka wodini. Baba hayupo, akajibu mama. Shangazi alikwisha kufa. Hakuna mtu. Ofisa akasema basi itabidi apelekwe kwenye makao ya watoto, mpaka kesi iishe.

"Hapana," akasema mama mtu. "Akae kwa Mwalimu."

Alinigeukia. Aliniambia kwamba yeye ameshindwa kulea, amemfunza mtoto kazi kwa miaka kumi na saba na mwisho wake ndio ule. Mimi nimelea vizuri. Binti yangu aliteleza, akakiri mbele za watu, na amekuja mwenyewe kumsamehe mwenzake. Mtoto kama huyo hajilei. Akaniomba nimchukue Kushoto nimnyooshe, hata kwa ukali, hatanilaumu.

Nilihisi vidole vya binti yangu vikinibana mkono juu ya kiwiko. Alikuwa ananiambia nikatae, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nilijua anaogopa.

Ofisa akaniuliza kama nyumba yangu ina nafasi. Nikasema kuna chumba kimoja, anamolala binti yangu. Akaandika. Akamgeukia mgonjwa, akamweleza kwamba kwa umri wake anayo haki ya kukataa, na kwamba hakuna atakayemlazimisha kukaa kwa mtu asiyemtaka.

Kushoto alijiinua kwa mkono uliobaki, akaegemea mto. Alimtazama binti yangu kwanza, kutoka kichwani mpaka viatuni, bila haraka. Kisha akanitazama mimi.

"Nakubali," akasema. "Nitalala chumba kimoja na mwenzangu."